Nchi Ambako Mtu Hukaa Anapoitikiwa

Msiniulize nilifikaje Itikeni. Njia yenyewe siikumbuki vizuri, na hata ningeikumbuka nisingeitaja, maana wakubwa wetu wakiijua wataifuata kwa semina, warudi na sheria nyingine za kututesea. Nitakachosema ni kwamba niliondoka nyumbani siku ile ile nilipokataliwa kwenye dirisha la kuandikisha wapiga kura.

Karani wa dirishani aliomba kitambulisho, nikampa. Akaomba uthibitisho wa makazi. Nikamwonyesha kwa kidole: nyumba yangu ni ile yenye bati la kutu na mbilimbi kando yake, ukiinua shingo unaiona. Akasema kidole si uthibitisho, anataka bili ya umeme yenye jina langu. Umeme kwangu haujafika. Nguzo walizisimika barabarani wakati wa kampeni za nyuma huko, waya hatujaziona mpaka leo, sisi ni watu wa kibatari. "Basi lete bili ya maji." Tunachota kisimani. Akafunga kitabu chake taratibu, akasema, "Kwa kumbukumbu zetu, mzee, wewe hukai popote."

Nimezeeka pale, lakini haya.

Zamani haikuwa hivyo. Zamani kulikuwa na balozi wa nyumba kumi. Kwetu alikuwa Mzee Sempombe, na siku ya kujiandikisha alivuta kigoda chake akakaa mlangoni, kazi yake kutazama nyuso tu. Ukifika anasema, "Huyu wetu. Mumewe Asnati, yule wa achali ya mbilimbi." Imekwisha. Mtu alijulikana kwa mkewe, kwa mti wake, kwa namna anavyokohoa akipita gizani. Leo Mzee Sempombe hayupo, Asnati wangu hayupo, na mbilimbi hausemi.

Basi hasira hiyo ndiyo iliyonifikisha Itikeni.

Ni nchi ya vilima vifupi na udongo mwekundu. Kila nyumba imezungushiwa ua, na kila ua una lango moja. Jambo la kwanza nililoliona ni mwanamume mwenye mzigo wa kuni kichwani, amesimama kwenye mvua nje ya lango lililo wazi. Ndani jiko linafuka moshi, naye hasogei. Nikamwuliza kama amekosana na wenyeji.

"Nyumba ni yangu," akasema.

"Sasa mbona huingii?"

"Sijaitikiwa. Nimepiga hodi, labda mke wangu yuko chooni. Nikijiingilia tu majirani wataona, na kesho watasema mimi si wa hapa."

Nikasimama naye kwenye mvua. Baadaye mama mmoja akatokea nyuma ya nyumba akijifunga kanga, akasema "Karibu" kwa sauti ya mtu aliyechoka, na yule bwana akashusha kuni akaingia kwake kwa adabu kama mchumba aliyekuja kujitambulisha.

Hiyo ndiyo sheria yao kubwa, wameichonga kwenye nguzo ya soko: Mtu hukaa pale anapoitikiwa. Asiyeitikiwa hana makazi, na asiye na makazi hapigi kura. Kadi hawana, bili hawana. Nikawaza moyoni, hawa angalau wametumia ubinadamu. Nilikuwa sijakaa nao vya kutosha.

Wazee walinieleza chanzo cha sheria hiyo, na chanzo chake hakikuwa kibaya. Mto ulifurika enzi za mababu, watu wakatawanyika, na maji yalipokauka wakaja wajanja kudai nyumba za wenzao. Wazee wa wakati huo wakasema, anayedai nyumba asimame langoni apige hodi. Walio ndani wakimwitikia, ni yake. Na itikio lilikuwa lolote. Mtoto akilia kwa kuijua sauti ya baba yake, ilitosha. Hata mbuzi akilia wazee walicheka wakapitisha, walisema mbuzi hana ndugu serikalini. Aliyenisimulia haya alikuwa mgane kama mimi, jina lake Mzee Pazi, mfuma mikeka. Akachukua ukindu mwingine, kisha akaongeza: "Wakati ule sheria ilikuwa inatutafutia nyumba. Siku hizi inatutafutia sababu."

Maana wakubwa walikuja wakaikuta sheria imekaa peke yake, ikawauma. Wakaiundia Idara ya Maitikio. Idara ikaajiri Wasikilizi, watu wa kusimama na mpiga hodi langoni na kusikiliza kama ameitikiwa kweli. Kila Msikilizi alipewa pembe ya ng'ombe ya kuweka sikioni. Msikilizi wa kata niliyofikia, Bwana Rijali, sikio moja lilikuwa halisikii kabisa, na pembe aliipachika kwenye hilo hilo. Nilipouliza aliipataje kazi, watu walitazama pembeni, mmoja akaniambia dada yake Rijali ameolewa vizuri.

Idara ikaanza kuongeza vipengele. Mwitikaji awe mtu mwingine, asiwe huyo huyo mpiga hodi. Sawa. Halafu, mwitikaji awe na wake ndani ya ua huo, yaani mtu wake, awe mke, mume, mzazi, ndugu au mtoto, ili watu wasiazimane majirani. Bubu mmoja aliitikia kwa kugonga chungu, Baraza likakaa likaamua chungu kikigongwa na mwenye chungu ni sauti, kikigongwa na mwingine ni kelele. Wakaja wenye kasuku. Kasuku wa Itikeni husema karibu kuliko watu. Baraza lilijadili wiki nzima kama kasuku ni mtu, wakala na kulala huko huko kwa gharama za wananchi, wakatoka na uamuzi kwamba kasuku ni mtu siku ya kusikilizwa tu, mradi wawe wawili, ili kila mmoja awe na wake.

Ila kuna faida moja niliyoiona, nisiseme uongo. Kura ikikaribia, wanaume wa Itikeni wanakuwa wapole. Mke akinuna akakataa kuitika, mume hana kura. Nilimwona bwana mmoja, tajiri wa ng'ombe, anapiga hodi mbele ya Msikilizi kwa sauti ya kubembeleza, na ndani kimya. "Mama Kombo, hodi." Kimya. "Mama Kombo, yale ya jana tumeshayamaliza, hodi jamani." Sauti ikatoka ndani, "Wewe uliyamaliza. Mimi bado." Rijali akauliza, "Hilo ni itikio?" Wakabishana langoni mpaka jua likachwea. Mwezi wa kusikilizwa kanga huadimika madukani.

Asnati angecheka sana. Yeye hakuwahi kuniambia "Karibu" hata siku moja. Nikirudi kazini, nikipiga hodi, aliuliza kutoka jikoni, "Nani mwenzangu?" Anajua ni mimi, nyayo zangu anazijua, kikohozi anakijua, lakini lazima aulize. Nami najibu, "Mimi hapa." Ndipo aseme, "Ah, nilidhani mtu wa maana." Tulizeeka na mchezo huo.

Nilipanga chumba kwa mjane mmoja, Bi Sikudhani, mama mwembamba mwenye mdomo mkali, mfugaji wa bata. Mumewe, Kirobo, alikuwa mchimba makaburi wa mji, na alipokufa alizikwa katika makaburi yale yale aliyoyachimba yeye mwenyewe kwa jembe lake. Bi Sikudhani alikwenda kufagia pale kila Ijumaa. Watoto hawakujaaliwa.

Sasa wakati huo ndiyo ilikuwa inakuja kura ya makaburi. Jumba la Maitikio lilikuwa limejaa, Wasikilizi wamekuwa wengi kuliko watu wa kusikilizwa, wakubwa wakataka kulipanua upande wa makaburini. Wakatuma Wasikilizi wakasimama kwenye lango la makaburi mchana kweupe, wakapiga hodi mara tatu, wakaweka pembe masikioni. Hakuitika mtu. Kwa hiyo kisheria pale ni kiwanja kitupu. Kilichobaki ni wananchi kuridhia. Mtu ataingia na punje moja mkononi: akitumbukiza hindi kibuyuni, makaburi yasawazishwe; akitumbukiza haragwe, yabaki.

"Haragwe langu ninalo," Bi Sikudhani aliniambia. Alikuwa amelifunga kwenye pindo la kanga. "Sina wa kuniitikia tu."

"Jirani je?"

"Mama Kilua? Hana wake kwenye ua wangu. Na hata angekuwa naye, yule angeitika halafu akanitangaza."

"Nunua kasuku wawili."

Akaacha kulisha bata, akanitazama. "Nimfundishe ndege kusema kwa sauti ya Kirobo? Bora nisipige kura."

Nilijua hakumaanisha hilo la mwisho. Mkono ulikuwa kwenye lile pindo.

Nikamwuliza kwa nini wao wasiwe na balozi kama Mzee Sempombe wetu, mtu wa kusema huyu wetu yaishe. Akasema walikuwa naye. Wakubwa walimwondoa kwa sababu alikuwa anajua watu bila kibali.

Siku moja nilikuwa ndani nashona ndala yangu iliyokatika, akili iko mbali, iko kwangu. Bi Sikudhani akarudi kutoka bwawani na bata wake. Watu wa kule hupiga hodi hata kwenye nyumba tupu, mdomo umeshazoea. Akasema, "Hodi." Nami bila kufikiri nikaitika, "Karibu."

Nikasikia kikapu kimeanguka. Bata wakatawanyika. Nilipotoka nilimkuta ameketi chini langoni, miguu ameinyoosha kama mtu aliyefiwa sasa hivi, anatazama udongo.

"Nisamehe, mama," nikasema.

"Usirudie, mgeni. Sauti siyo." Akajifuta uso kwa mgongo wa mkono. Kisha akasema, "Yeye alikuwa akiniambia, 'Karibu, uji umeshapoa.' Kila siku uji umeshapoa, hata kama hakuna uji." Akasimama, akaanza kuwaita bata. Mimi nikarudi ndani, ndala sikuimaliza.

Mama Kilua alikuwa amesikia kutoka kwake. Kesho yake tukaitwa Barazani, mimi na Bi Sikudhani, kwa kosa la itikio la kuazima.

Baraza la Itikeni hukaa kwenye ukumbi mrefu wenye viti vya kuegemea kwa wakubwa na magogo kwa wengine. Mkubwa wa wote alikuwa Mheshimiwa Dhamana, mwenye nyumba sita katika kata hiyo moja, kila nyumba ameiwekea mtumishi na ndugu wa mtumishi. Siku ya kusikilizwa huzunguka zote sita akipiga hodi, anaitikiwa zote sita, na kwa kuwa ameitikiwa mara sita, anakaa mara sita, anapiga kura sita. Hakuna aliyeona ajabu. Mimi nilitaka kusema, nikakumbuka kwetu kuna wenye mashamba mkoa huu na majina ya kupigia kura mkoa ule, nikanyamaza.

Bwana Rijali alitoa ushahidi. Halafu akanigeukia mimi. "Wewe mgeni uliitika?"

"Niliitika. Kwetu mtu akipiga hodi unaitika, ni adabu."

"Una wako ndani ya ua ule?"

"Sina."

"Basi si adabu, ni kosa."

Mheshimiwa Dhamana akajiegemeza. "Tusiwe wagumu jamani. Mama yetu anataka kura tu. Mama, nunua kasuku. Wangu walizaa juzi, nitakupa."

Watu wakacheka. Bi Sikudhani akasubiri wamalize. "Mheshimiwa, wewe unakaa wapi?"

"Kwangu."

"Kwako ni wapi?"

"Kote."

"Alhamdulillahi," akasema. "Mimi naomba mahali pamoja tu." Magogoni wakacheka tena, sasa kwa upande wake. "Nisomeeni hicho kipengele mnachosema nimekivunja."

Msomaji akasimama akasoma kwamba mwitikaji awe mtu mwingine asiye mpiga hodi, naye awe na wake ndani ya ua huo.

"Rudia mwisho."

"Naye awe na wake ndani ya ua huo."

Akatikisa kichwa kama mtu anayekumbuka jina. Mheshimiwa akamwuliza kama ana la kusema kabla hajahukumiwa, akasema analo, anataka kuwaarifu amehama.

"Umehamia wapi, mama?"

"Makaburini. Sheria inanipa haki ya kusikilizwa kwenye makazi mapya. Naomba Bwana Rijali aje alfajiri kesho."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mheshimiwa Dhamana alicheka mpaka akatoa leso. "Nenda, Rijali," akasema. "Nenda umsikilize. Na mimi nitakuja, nisiikose hii."

Jioni ile Bi Sikudhani alipita lango kwa lango, akichagua. Sikumfuata, mimi nilikuwa mtuhumiwa wa maneno yangu mwenyewe, nikaona nikae kimya. Nilimwona tu akisimama na Mzee Pazi, kisha na dada wawili vikongwe, wajane wa nyumba ya mwisho, kisha na mtengeneza vinu ambaye mkewe alikufa kwa uzazi.

Makaburi ya Itikeni yamezungushiwa minyaa, lango lake ni miti miwili na mwingine umelazwa juu. Tulipofika alfajiri na Bwana Rijali na Mheshimiwa na watu wao, Bi Sikudhani alikuwa amesimama nje ya lango, amevaa kanga mpya. Bata wake wamefungwa miguu kando ya njia.

Rijali akaweka pembe sikioni. "Piga."

"Hodi," akasema Bi Sikudhani.

Kimya. Mheshimiwa alianza kutabasamu. Ndani ya minyaa kulikuwa na umande na ile harufu ya majani ya makaburini, mnaijua. Kisha mtu akakohoa, na sauti ya Mzee Pazi ikatoka katikati ya makaburi, imekwama kidogo mwanzoni:

"Karibu, Sikudhani. Pita. Kwa mumeo kumeshafagiliwa."

Na huku na huku zikafuata nyingine, za kike na za kiume, za wazee watupu: karibu, karibu mama, pita ndani, tuko huku. Hata Rijali alisikia. Pembe ilimtoka mkononi.

Tukaingia. Kila mjane na kila mgane wa kata ile alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya kaburi la mwenzake. Wengine walikuwa na birika la chai. Rijali akamwendea Mzee Pazi. "Wewe, una wako ndani ya ua huu?"

"Ninaye."

"Yuko wapi?"

Mzee Pazi akaweka kiganja juu ya udongo. "Huyu hapa. Tangu tuoane hajawahi kuninyamazia muda mrefu hivi."

"Amekufa, mzee."

Bi Sikudhani alikuwa ameshafika nyuma yake. "Kipengele kimesema awe naye. Hakijasema anapumua."

Rijali akamtazama Mheshimiwa. Mheshimiwa akasema hilo haliwezekani, aliyekufa hahesabiki, hata mtoto anajua.

"Sawa," akasema Bi Sikudhani. "Basi tuanze na nyumba yako ya nyuma ya soko, mheshimiwa. Mama wa mtumishi wako yuko uani chini ya mpera, alizikwa miaka ile ya njaa, Kirobo wangu ndiye aliyechimba. Mtumishi wako hana wake mwingine mle, na kila kura anakuitikia kwa haki ya mama huyo. Tukimfuta yeye tukufute na wewe."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mheshimiwa alisimama akitazama viatu vyake vilivyolowa umande, nami niliona jinsi anavyopiga hesabu. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Wasikilize."

Wakatoka mmoja mmoja nje ya lango. Mmoja mmoja wakapiga hodi, na wenzao wakawaitikia. Kuna mzee alipoitikiwa alishindwa kuingia, akabaki ameshika mti wa lango analia, ikabidi mtengeneza vinu aje kumshika mkono. Wengine walikuwa hawajaambiwa karibu kwenye lango lao tangu wenzao wazikwe. Nilisimama kando nikitazama. Mmoja wa wale dada vikongwe akanigeukia, "Na wewe mgeni, huna wako humu nikuitikie?"

"Wangu yuko mbali, dada."

"Pole," akasema. "Mwambie tumemsalimu."

Kura ikapigwa. Niliona Bi Sikudhani akifungua pindo la kanga kwa meno, maana fundo lilikuwa limekaza, akatoa haragwe lake akalitumbukiza kibuyuni. Walipomwaga kibuyu juu ya jamvi, maharage yalizidi mahindi kwa kiganja kimoja tu, na hapo sita za Mheshimiwa zimeshaingia. Makaburi yakabaki.

Ningependa niishie hapo. Lakini wakubwa hawakubali kushindwa na watu wadogo, wakishindwa mlangoni hurudi kwa dirisha. Siku chache baadaye Bwana Rijali alisimama sokoni akatangaza. Kwa kuwa fulani na fulani wamethibitika kisheria kuwa wakazi wa makaburini, na kwa kuwa hakuna mtu wa kawaida anayekaa mahali pawili, basi nyumba zao za zamani hazina watu. Wasikilizi walipita wakapiga hodi kwenye kila moja, na wenye nyumba wamesimama pale pale nje wanawatazama. Hakuitika mtu ndani. Nyumba zikaandikwa tupu, na kabla ya wiki kwisha Mheshimiwa Dhamana alikuwa ameziwekea watumishi. Itakapokuja kura nyingine, atapiga hodi mpaka sauti imkauke.

Nilimsaidia Bi Sikudhani kuhamisha vitu. Mimi nilibeba bata, yeye akabeba chungu, mkeka na jembe la Kirobo. Nilikuwa na hasira, bata wananidonoa, namtukana Mheshimiwa na ukoo wake. Mzee Pazi na wenzake walikuwa wameanza kusimamisha vibanda vya makuti kando ya minyaa.

"Wamekuibia nyumba, mama," nikasema. "Hujali?"

"Najali. Nilipiga udongo wa ukuta ule kwa mikono hii." Akatua chungu. "Lakini walimtaka Kirobo. Wamepata kuta. Kuta zenyewe zilikuwa haziniitikii, kaka."

Ndiyo mara ya kwanza kuniita kaka. Akanisindikiza mpaka langoni, tukaagana, nikaondoka. Nikiwa njiani kidogo nikasikia nyuma yangu anapiga hodi kwa kurudi ndani, na sauti ya Mzee Pazi ikijibu, "Karibu, uji umeshapoa." Nikasikia Bi Sikudhani akicheka, kicheko kirefu cha mtu anayejua hakuna uji.

Nilirudi nyumbani nikaikuta foleni ya kujiandikisha bado haijafungwa. Nikaenda dirishani, karani ni yule yule. Nikamwambia uthibitisho nimepata. Akanyoosha mkono.

"Mke wangu amelala kando ya nyumba ile, pale kwenye mbilimbi," nikasema. "Nilimzika mwenyewe, mtaa mzima ulikuja. Mtu anazika mkewe mahali asipokaa?"

Alinitazama kwa huruma, si mtu mbaya, ametumwa tu, wabaya wako juu huko wamekaa kwenye feni. "Kaburi halina mhuri, mzee," akasema, akamwita wa nyuma yangu.

Nikaenda zangu. Mbilimbi ulikuwa umezaa mpaka matunda yameoza chini, hakuna wa kuyaokota. Nikafika mlangoni, mkono uko kwenye komeo, nikauondoa. Nikapiga hodi. Nikasubiri, kama wanavyosubiri kule, muda ambao mtu aliyeko jikoni angehitaji kufuta mikono na kuuliza.

"Mimi hapa," nikasema, nikaingia.